Petroli Ikichemka Njiani: Majibu kwa Wenye Magari ya Kabureta

Fundi, gari langu la zamani asubuhi linawaka mara moja. Nikisimama dakika kumi baada ya safari ndefu, haliwaki tena mpaka lipoe. Nimebadilisha pampu, wapi!

Pole. Inaelekea petroli inageuka mvuke ndani ya bomba. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, na chini ya boneti joto hupita hapo bila shida. Ukizima injini ndipo hali huwa mbaya zaidi, maana feni imesimama na maji hayazunguki, ilhali chuma bado ni cha moto. Pampu ikikuta mvuke huubana na kuuachia tu, petroli haisogei.

Kabla hujanunua kitu kingine, fanya uchunguzi palepale gari likiwa limegoma, injini imezimwa. Fungua chujio la hewa, mulika kwa tochi koo la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kisha vuta waya wa pedeli ya mafuta kwa mkono. Ukiona mchirizi mwembamba wa petroli ukiruka ndani, bakuli la kabureta, yaani kikombe chake cha kuwekea petroli, lina mafuta na kosa liko kwingine. Pakiwa pakavu, petroli haijafika. Usiinamishe uso hapo huku mtu anapiga stata, moto unaweza kuruka nje.

Pima na cheche pia. Koili, inayotoa umeme wa cheche, huweza kufa ikipata joto, ikafufuka ikipoa. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa kosa la koili, na huwa inaniuma.

La kwangu likikataa linanuka petroli kweli kweli. Ni ugonjwa huohuo?

Joto ni lilelile, ugonjwa ni mwingine. Hapo petroli imechemka ndani ya bakuli la kabureta na kumwagikia kwenye injini, kwa hiyo imezidi. Kanyaga pedeli mpaka chini, ishikilie hapo, piga stata. Usiikanyage na kuiachia, utaongeza mafuta. Gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta husaidia sana.

Wazee hubana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli. Vinafaa?

Sivitegemei. Kitambaa kibichi juu ya pampu ni bora, kwa sababu maji yakikauka huondoka na joto. Ila usimwage maji baridi kwenye manifoldi ya ekzosi (chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye injini), inaweza kupasuka.

Nifunge pampu ya umeme?

Inafaa, ikikaa karibu na tangi. Petroli inayosukumwa huchelewa kuchemka kuliko inayovutwa. Chagua ya shinikizo dogo linalokubaliwa na kabureta yako, na uweke swichi ya kuikata injini ikizimika, la sivyo ajali ikitokea itaendelea kumwaga petroli.

Lakini anza na kazi ya bei rahisi: sogeza bomba mbali na ekzosi, kisha kagua mipira inayopitisha petroli. Ukunje kila mpira kwa vidole. Ukiona nyufa kama za kisigino kikavu, badilisha. Upande wa tangi, mpira huo huvuta hewa bila kudondosha hata tone, na gari hugoma vilevile.

Petroli yenye ethanoli inachangia?

Ndiyo. Ethanoli kidogo ndani ya petroli huifanya iwe nyepesi kugeuka mvuke, na hulainisha mipira ya zamani. Nunua mipira inayoistahimili.