IST yangu ilikuwa inakunywa wese, kumbe shida haikuwa plagi

Mi nina Toyota IST ya cc 1300, ile ambayo kila mtu anakwambia "hiyo haili mafuta bosi". Yangu ilikuwa inakula. Mbezi hadi Posta na kurudi, naweka ya elfu hamsini Jumatatu, Alhamisi asubuhi taa imeshawaka, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei ya mafuta nakaa kama nasubiri matokeo ya fomu foo.

Fundi wa kwanza akasema plagi, nikabadili. Wa pili akasema pampu, nikabadili. Hela imeondoka na ulaji ni uleule, maana wote tulikuwa tunabahatisha, hakuna aliyepima.

Na kupima ni bure. Jaza tenki mpaka pampu ya sheli ijikate yenyewe, rudisha tripu kwenye dashibodi iwe sifuri, tembea kawaida hadi mshale ushuke chini ya nusu, rudi sheli ileile jaza tena mpaka ikate, alafu gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Mi nilipata 9 kwa lita. Ule mtindo wa kuweka ya elfu kumi uone inafika wapi achana nao, utajidanganya tu.

Fundi wa tatu ndo akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akakuta joto la injini halifiki hata 70 tukiwa tunatembea, wakati inatakiwa icheze kwenye 80 hadi 90 na kitu. Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo! Kuna mtu aliitoa zamani, si unajua ile imani ya "huku kwetu joto, hiyo ni ya Wajapani na baridi yao". Sasa injini ikikaa ya baridi kompyuta inadhani ndo umewasha asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta, kama vile magari ya zamani ukisahau choki imevutwa. Na humo humo nikagundua nilikuwa nawekewa oili nzito ya 20W-50 wakati kitabu cha gari kinasema 5W-30, injini ndogo inahangaika bure kuzungusha uji.

Jingine ni breki. Ukitoka safari shika rimu moja moja (taratibu, usiungue), ukikuta moja ina moto kuliko wenzake ujue hapo breki inakamata, unatembea huku unajizuia mwenyewe. Yangu ya mbele kushoto pini za kaliper (ile inayobana pedi) zilikuwa kavu, kusafisha na grisi tu. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, namba iko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, usimwachie kijana wa upepo aamue.

Kuendesha nako nilikuwa na yangu. Foleni ya Kimara nilikuwa nakimbilia pengo la mita ishirini alafu nakanyaga breki, yale mafuta yote yanaishia kuwa joto la pedi. Siku hizi naacha nafasi natambaa, bodaboda wanaingia, waingie. Kwenda Moro naishia 80 au 90, ukigusa 120 upepo unaula mfuko wako, na kwenye vibao vya 50 utasimamishwa hata hivyo.

Na wale mnaopiga nyutro kushuka mlima Kitonga eti mnaokoa mafuta, acheni. Hizi injini za EFI, yani zinazopimiwa mafuta na kompyuta, ukishuka na gia mguu ukiwa nje ya mafuta zinakata mafuta kabisa, ila ukiweka nyutro lazima iendelee kuchoma ili isizime. Yani unalipia zaidi na bado breki zinachemka.

Baada ya kurekebisha hayo yote nilifika kilomita 13 na nusu kwa lita kwa hii hii ruti. Naandika kilomita na lita kwenye simu kila nikijaza, na wiki iliyopita ikashuka hadi 11 ghafla. Sikumpigia mtu, nikaanza na rimu, nyuma kulia ya moto. Hendibreki haiachii vizuri, kesho naipeleka.