Muulize Fundi: Kioo cha mbele cha pikapu kuukuu

Fundi, shikamoo. Hilux yangu ya 1982 imepasuka kioo cha mbele. Nimepata kizima kwenye gari bovu la aina hiyohiyo, ila mwenye gari anataka nikitoe mwenyewe. Nitafanyaje kisivunjike?
Msomaji, Iringa

Marahaba. Kwanza, weka bisibisi chini. Nami niliwahi kuchokonoa kioo hivyo. Ufa ukaanzia pembeni, mwembamba kama unywele, ukapanda hadi juu huku nautazama tu.

Chukua kisu kikali, kata mdomo wa nje wa ule mpira unaoshikilia kioo kwenye bati, kuzunguka kote. Usiuhurumie: mpira wa miaka hiyo umeshakuwa mkavu, utanunua mpya. Kioo sasa kitatoka kwa kusukumwa taratibu kutoka ndani, na mtu wa kukipokea nje.

Kwenye gari lako, kwangua kutu yote pale mpira unapokaa, piga msasa na rangi ya kuzuia kutu. Ukiiacha, maji yatakushukia miguuni masika yakianza.

Visha kioo mpira mpya. Kwenye mfereji wa nje wa mpira, ule utakaobana bati, zungusha kamba ya nailoni, ncha zake zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni, si grisi tafadhali, grisi inaozesha mpira. Mwenzako akibonyeza kwa viganja kutoka nje, wewe ndani vuta kamba polepole. Mdomo wa mpira utajikunja wenyewe juu ya bati. Pembeni ndipo panaposumbua. Ukigoma, ongeza sabuni, usiongeze nguvu.