Kabla ya kumwita mwizi, uliza njaa imetoka wapi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwenye njaa akiiba chakula, naye ni mwizi?" Zamani ningejibu ndiyo, nikaendelea kupima sukari.

Nina duka la rejareja hapa Tanga. Asubuhi moja mtoto wa miaka kama kumi alitoka na pakiti ya sembe ya kilo moja chini ya shati. Pakiti ilikuwa imetoboka. Unga ukamtiririka miguuni, ukachora mstari mweupe kutoka kaunta hadi barabarani, na mimi ndiye niliyepiga kelele: "Mwizi!" Mnajua neno hilo linavyoita watu. Nilipofika nje, vijana wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wameshamzingira, mmoja ameshika jiwe. Nikamnyakua mtoto, nikamwingiza ndani, nikafunga geti. Hapo ndipo nilipomtambua. Mama yake huniletea vitumbua kila alfajiri niwauzie wateja, na pesa zake za wiki tatu nilikuwa nimezizungusha kununulia mchele.

Tangu siku ile swali lenu halijaniacha.

Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 258, inatazama kama mtu amechukua kitu kwa udanganyifu na bila haki. Njaa haimo humo. Waingereza waliotuachia sheria hizi nao hawakuipa njaa nafasi: mwaka 1971 jaji wao Lord Denning, katika kesi ya watu wasio na makazi walioingia nyumba tupu za halmashauri London, alisema njaa ikikubaliwa kuwa udhuru wa kuiba, mlango utafunguka kwa vurugu za kila aina. Italia waliona vingine. Mwaka 2016 mahakama yao ya juu ilimfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji za yuro 4 na senti 7 huko Genoa. Mahakama za chini zilikuwa zimempa kifungo cha miezi sita.

Jirani yangu Mkristo alinifungulia Methali sura ya 6: watu hawamdharau mwizi aibaye ili ashibe, lakini akikamatwa atalipa mara saba. Huruma na deni vimekaa pamoja, na mimi nakubaliana nayo, kwa sababu muuza duka naye ana watoto.

Kwetu Waislamu, wengi wanaijua aya ya 38 ya Suratul Maida, ya kukatwa mkono, wakaishia hapo. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameizungushia masharti: mali ifikie kiwango, ambacho wengi wamesema ni robo dinari, iwe imechukuliwa mahali inapohifadhiwa, na pasiwe na shaka. Mwaka wa ukame mkubwa, 18 Hijria, Khalifa Umar, mtawala wa Waislamu wakati huo, aliisimamisha adhabu hiyo.

Lakini kisa kinachonikosesha usingizi ni kingine, kimo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Watumwa wa Hatib waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita, akamgeukia bwana wao: nakuona unawaacha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akaambiwa amewahi kukataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800.

Kesi iliingia na watuhumiwa, ikatoka na mwingine kabisa. Ndilo jibu langu kwenu: mali irudi kwa mwenyewe, ila anayehukumu, awe hakimu au kijana mwenye jiwe, aulize kwanza nani aliyemwacha huyu na njaa. Siku ile kwangu, jibu lilikuwa nyuma ya kaunta.

Jioni nilimpelekea mama yule pesa zake zote na pakiti nyingine ya sembe. Alizihesabu, akanishukuru sana. Mtoto hakuwa amemwambia kitu, na mimi sikumwambia. Hatib alilipa mara mbili. Mimi nililipa deni tu.