Enaji kabla ya mechi: ngapi, na saa ngapi?

Kwa aliyeuliza kama mchezaji wa kilo 60 anywe makopo matatu ya enaji (kinywaji cha kuongeza nguvu) kabla ya mechi ya saa kumi hapa Kigoma: mawili yanatosha. Kinachofanya kazi ni kafeini, takriban miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, yaani 180 kwake. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina 80 hivi, soma lebo. Anywe saa tisa, si wakati wa kupasha misuli, maana huchukua kama saa nzima kushika vizuri. Kahawa ya Kalinzi nayo inafaa, ila kipimo chake hutegemea mkono wa mpishi.

Wengi huharibu kwa kuongeza Panadol Extra mbili "za maumivu". Hizo peke yake zina kafeini miligramu 130! Ndipo mikono hutetemeka, moyo huenda mbio na tumbo huvurugika. Saa tatu usiku karibu nusu bado imo mwilini, usingizi hauji.

Kafeini haijapigwa marufuku michezoni tangu 2004. Efedrini, kichangamshi kingine, ni habari nyingine: hiyo hukatazwa mashindanoni ikizidi kiwango, na imo kwenye baadhi ya dawa za mafua. Mwenye presha au tatizo la moyo aache kabisa.