Umeniuliza kwa nini nilitoka Bangalore

Mamangu, assalam aleikum.

Voisi yako ya jana usiku nimeisikiza mara tatu, ya kwanza dukani wateja wamejaa sikuskia vizuri, ya pili garini, ya tatu nimekaa hapa barazani mamako keshalala. Umesema huko huko Bangalore ofisini kwenu watu wanaitwa mmoja mmoja kwenye kile chumba cha vioo na wakitoka hawarudi mezani, alafu ukaniuliza, "Baba, wewe ulitoka Bangalore kwa sababu ya duka la babu kweli, au kulikuwa na jambo lingine?" Baada ya hapo ukanyamaza kama sekunde tano hivi ndo ukasema usiku mwema. Hizo sekunde tano ndizo zimenifanya niandike, manake kwa simu ningekujibu lile jibu ninalompa kila mtu.

Kulikuwa na jambo lingine. Niliachishwa kazi.

Wajua babu yako hakuwahi kubadilisha pasipoti yake ya India, na mimi nikaipata hio hio ingawa nimezaliwa hapa Mombasa na India nilikuwa naijua kwa hadithi tu za mji wa Mandvi. Kwa hivo nilipomaliza chuo Pune, kule kule India, mwaka 1997 sikuhitaji kibali cha mtu, nikapanda treni nikashuka Bangalore na begi moja na vyeti. Nyinyi mwaiita Bengaluru, najua ndo jina rasmi tangu 2014, lakini ulimi wangu umeshazoea. Watu wa kule walikuwa wananiona Mhindi mwenzao mpaka nifungue mdomo, Kihindi changu kilikuwa cha Mombasa na Kikannada, lugha ya kule, sina hata neno moja. La kwanza kulijua ni lile lile ulilonitumia wewe wiki yako ya kwanza, "swalpa adjust maadi", yaani jibane kidogo mwenzio naye apate, na kwenye basi kiti cha wawili wanakaa watatu nikasema kumbe nimefika nyumbani, hii ni matatu ya Likoni tu.

Tulikuwa wanne kwenye fleti moja Jayanagar, mmoja wa Hyderabad, mmoja wa Kerala, mmoja wa Hubli na mimi. Mwenye nyumba hataki nyama ipikwe ndani kwa hivo wiki nzima ni dali na wali, preshakuka ikilia filimbi tatu tunazima, na Jumapili mimi na yule wa Kerala tunaenda kutafuta samaki hotelini tunakula kama tumefungwa miaka. Asubuhi kabla ya basi la kampuni tulikuwa tunapita kwenye kahoteli ka pale kona, vile vya kula umesimama, meza ya jiwe haina kiti. Kahawa inakuja kwa bilauri ya stili iliyosimama ndani ya kibakuli cha stili, unaishika ukingoni na ncha za vidole manake kwingine kwaungua, unamimina kwa kibakuli, unarudisha kwa bilauri, mara nne mara tano mpaka povu lipande. Hakuna aliyekuwa anazungumza wakati ule. Watu kumi wamesimama wanamimina kahawa yao kabla ya kwenda kukaa mbele ya kompyuta masaa kumi. Mimi nimekunywa kahawa chungu ya Mji wa Kale tangu utotoni na bado naiota ile ya maziwa.

Sasa kazi yenyewe. Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo nikakwambia "nilikuwa natengeneza tarehe" ukacheka, lakini ndo ilivokuwa. Zile kompyuta kubwa za mabenki na makampuni ya bima kule Marekani programu zake ziliandikwa miaka ya sitini na sabini, wakati nafasi ya kuweka data ilikuwa ghali sana, kwa hivo mwaka waliuandika kwa tarakimu mbili tu. 1974 ni 74. Ikifika 2000 mashine inaona 00, na kwake hio yaweza kuwa 1900, mtu aliyezaliwa 1960 inamhesabu hajazaliwa. Kulikuwa na mamilioni ya mistari ya COBOL, ile lugha ya zamani ya kuandikia programu, ya kupitia na hawakuwa na watu wa kutosha kwao, ndo kazi ikaja India, na sisi vijana tukaajiriwa kwa mafungu. Njia moja tuliyotumia ni kuiambia mashine, tarakimu mbili zikiwa chini ya 50 hesabu ni miaka ya elfu mbili, zikiwa 50 kwenda juu hesabu ni elfu moja mia tisa. Basi hio ndo ilikuwa siku yangu, unafungua programu, unatafuta kila mahali mwaka umejificha, unabadilisha, unajaribu, unafungua nyingine.

Nataka nikwambie kitu kimoja nilichofanya kule ambacho sijawahi kumwambia mtu, manake ukikisema hakisikiki kama kitu. Ilikuwa katikati ya 1999, kama saa nane za usiku, natafuta kosa lingine kabisa, nikaona sehemu inayohesabu mwaka mrefu. Kanuni waijua, mwaka ukigawanyika kwa 4 Februari ina siku 29, ukigawanyika kwa 100 haina, lakini ukigawanyika kwa 400 inayo. Aliyeandika ile programu, mtu nisiyemjua, huenda alikuwa keshastaafu zamani, alikumbuka 4, akakumbuka 100, akasahau 400. Maana yake kwa mashine ile 29 Februari 2000 haikuwepo. Nikaongeza mstari mmoja, nikaandika tarehe na herufi za jina langu pembeni kama tulivofunzwa, nikajaribu mara tatu, nikaenda kulala kwenye mkeka chini ya meza nikisubiri basi la asubuhi. Usiku wa mwaka mpya tulizuiliwa ofisini wote, saa sita ya India ilipofika New York ilikuwa bado saa saba unusu mchana kwa hivo tukakaa mpaka saa nne unusu asubuhi ndo kwao ikagonga, na hakuna kilichoharibika, tukapewa keki. Lakini mimi siku niliyoingoja ni ile 29 Februari. Ilikuwa Jumanne. Nilikaa siku nzima naangalia ripoti zinatoka, watu wamelipa bima zao tarehe hio, majina ya watu na tarehe iko pale imeandikwa sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyejua. Nilifurahi mwanangu, wallahi nilitoka nje nikanunua jilebi nikawapelekea wenzangu nyumbani, wakaniuliza sherehe ya nini nikashindwa kueleza.

Nakwambia hivi ujue kwamba sikuwa mvivu wala sikuwa mbovu wa kazi, manake miaka yote hii hilo ndo nililoogopa ungelifikiria.

Baada ya hapo tarehe zikaisha kutengenezwa. Mwaka 2000 wenyewe soko la makampuni ya intaneti likaporomoka kule Marekani, wateja wakaanza kukata projekti, na kufika katikati ya 2001 mimi nikawa benchi. Hilo neno sina haja kukueleza, wewe uko kule. Miezi mitano nilipanda basi la kampuni na shati limepigwa pasi na kadi shingoni, nakwenda kukaa mbele ya mashine kujisomea Java, lugha nyingine ya programu, kwa sababu sikuwa na kazi ya kufanya. Lilikuwa jambo gumu kuliko kukesha. Mnakula pamoja na wenye projekti na wao wanazungumza mambo yao alafu wananyamaza wakikumbuka uko hapo. Baada ya Septemba ile ya mashambulizi ya New York kila kitu kikasimama, na Novemba nikaitwa.

Walikuwa wawili, mmoja wa HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, na mmoja simjui. Barua ya kujiuzulu ilikuwa imeshachapishwa na jina langu juu yake, wamebakisha nafasi ya saini. Wakaniambia nikiandika nimejiuzulu mwenyewe watanipa barua nzuri ya kuombea kazi, nisipoandika itasemwa nimeshindwa kazi. Kalamu yao, dakika kumi, nikatia saini. Meneja aliyenisifu miaka mitatu mfululizo kwa maandishi hakuja hata mlangoni. Nilikasirika sana na hasira ile ilikaa muda, na nadhani ndo sababu sikutaka kutafuta kazi nyingine pale, si kwamba hazikuwepo kabisa, yule wa Hubli alikuwa ananiambia ngoja kidogo mambo yatageuka na yaligeuka kweli, yeye mpaka leo yuko kwenye kazi hio. Sikuweza kungoja. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naona haya. Umeniuliza nikujibu.

Ilikuwa Ramadhani imeingia siku chache. Baada ya kufuturu nikaenda kwenye kile kibanda cha simu cha bango la njano, enzi zile ukipiga ng'ambo kuna kamashine mbele yako tarakimu nyekundu zinapanda, rupia hizo, unaongea macho yako yako pale. Nilipiga simu ya dukani, Mombasa ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikasikia mlango wa chuma unateremshwa. Nilikuwa nimejipangia njia nzima, nitamwambia baba nimeachishwa, aseme atakalosema. Aliposhika simu nikamwambia, "Baba, nimefikiria nirudi nikusaidie dukani." Akanyamaza. Tarakimu zinapanda. Alafu akasema, "Duka halina haja na mtu. Wewe njoo."

Hilo tu. Hakuuliza lingine.

Nilifika siku tatu kabla ya Idi, na hapo Biashara Street kila duka nililopita watu wananipa mkono, mashallah kijana umeacha kompyuta na dola umekuja kumsitiri babako, leso zimemuelemea mzee. Kumbe keshazunguka mtaa mzima kusema yeye ndiye aliyeniita. Alikuwa na vijana wawili wa kazi na wateja hawajazi hata benchi ile ya mbele. Mpaka anaondoka duniani hakuwahi kuniuliza ilikuwaje Bangalore, na mimi nikaivaa ile hadithi yake kwa sababu ilikuwa imeshonwa kunitosha, nikamwambia mamako, nikakwambia wewe, na leso za India zilizoniletea riziki nikazisifu kama mtu aliyezichagua. Mamako nimemwambia kweli usiku huu kabla hajalala. Amesema alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, ati nilikuwa nikiota naongea habari za basi.

Ile programu ya stoki ya dukani uliyokuwa ukiichezea ukiwa darasa la tatu niliiandika Januari 2002, wiki zangu za kwanza. Bado inafanya kazi. Mwaka nimeuweka tarakimu nne.

Sasa wewe. Sijui kama ushaitwa kwenye kile chumba au wangoja, hukusema, na sitaki unijibu ukiwa hujawa tayari. Najua yenu si kama yetu, sisi kazi ilikwisha kwa sababu tarehe zilirekebishwa na nyinyi mwaogopa hizi mashine za akili mnemba zinazoandika programu zenyewe, na sina ujuzi wa kukwambia zitafika wapi. Lakini karatasi naijua. Wakikuwekea barua ya kujiuzulu usitie saini siku hio. Sema nitaisoma nyumbani, nitaijibu kwa imeli. Kujiuzulu na kuachishwa si kitu kimoja, aliyeandika kwa mkono wake amejitoa ni tabu sana kudai chochote baadaye. Soma mkataba wako ule wa siku tisini za notisi, hizo siku tisini zina mshahara. Pesa zako za Provident Fund, ile akiba ya uzeeni, zikatwazo kila mwezi angalia ziko kwa jina lako sawasawa, zangu nilizifuata miaka sita baadaye kwa kuwa sikutaka kuona jina la kampuni ile kwenye karatasi, ni upumbavu usiufanye. Kodi ya chumba chako cha mtaa wa HSR nitalipa mimi mpaka ujue unaelekea wapi, na hilo nimeshalipanga na mamako.

Na ukitaka kukaa utafute nyingine hapo hapo, kaa, wewe si mimi, una moyo wa kungoja ambao mimi sikuwa nao. Ulivonitumia ile video umesimama mlangoni mwa treni mpya ya njano inapita juu ya makutano ya Silk Board na magari yamekwama chini, mimi barabara ile nilikaa ndani ya basi sijui siku ngapi za maisha yangu, nilifurahi kukuona unapita juu yake. Ukitaka kuja, njoo. Lakini ukija usinilete hadithi ya duka, wala mimi sitakutungia.

Kesho nafunga saa kumi na mbili, saa mbili unusu nitakuwa nimeshaswali isha niko hapa barazani peke yangu na simu mkononi. Kwenu itakuwa saa tano. Piga hata kama huna la kusema.

Babako