Nataka kuinua pikapu, nichukue springi gani?

Swali: Asalaam alaykum fundi, nna Hilux Vigo nabebea karafuu huku Micheweni, Pemba, mvua ikinyesha njia ya shamba yaharibika tumbo la gari linakwaruza mawe, sasa nataka springi za kuinua, nichukue zile ngumu kabisa?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu, ngumu usizikimbilie. Springi yachaguliwa kwa mzigo unaobeba siku zote, ukifunga za kubeba mzigo wa kilo 500 wa kudumu na msimu wa karafuu ukiisha gari yatembea tupu, nyuma itarukaruka tu na tairi hazishiki. Inchi 2 zakutosha wallahi, ukizidisha ekseli za mbele zinakaa mshazari mno, buti zake, ile mipira inayofunika viungo vya ekseli, zinapasuka mapema. Shokapu nazo zibadilishe ziendane na urefu mpya, kisha kapime alaimenti, yaani magurudumu yakae sawa.