Maswali ya Wasomaji: Modeli ipo ukutani, dozi ya tatu haifiki

SWALI: Kliniki yetu ya wajawazito ilichora modeli ya mantiki (mchoro wa jinsi kazi inavyotarajiwa kuleta matokeo) ya kinga ya malaria kwa SP, yaani vidonge vya sulfadoksini-pirimethamini: visanduku vya rasilimali, shughuli, huduma zilizotolewa na matokeo, pamoja na mishale inayoviunganisha. Miezi sita imepita. Dozi ya kwanza wanapata karibu wote, ya tatu wachache. Tuongeze mafunzo au tuchore upya?
Muuguzi mfawidhi, Lindi

JIBU: Ndugu mfawidhi, msianze na lolote kati ya hayo. Visanduku vyenu huenda viko sawa; kuna mshale umekatika, na mafunzo hayawezi kuunga mshale ambao hamjaujua.

Chukueni kumbukumbu za wajawazito 20 waliovuka wiki ya 36. Kwa kila mmoja andikeni namba mbili: amehudhuria mara ngapi tangu wiki ya 13, na amemeza dozi ngapi. Wanaotumia dawa ya kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU wawekeni kando. Hao hawapewi SP, na mkiwahesabu mtaona pengo ambalo halipo. Aliyekuja mara nne akameza mara mbili, dozi zimempita akiwa mbele yenu: kasoro iko ndani ya kliniki. Aliyekuja mara mbili tu, kasoro mtaitafuta nje.

Ndani, anzeni na maji. Dozi ni vidonge vitatu, humezwa papo hapo mhudumu akiona. Kwenye kisanduku cha rasilimali huandikwa dawa na wauguzi, lakini ndoo yenye koki na vikombe safi husahaulika. Kikombe kikikosekana, vidonge hufungwa kwenye karatasi, mama anaondoka navyo, na rejesta inasoma "dozi". Wapo pia wanaomwambia mama akale kwanza ndipo arudi. Hakuna haja, SP humezwa hata tumbo likiwa tupu.

Kisha dawa yenyewe. Wajawazito wapya 40 kwa mwezi × dozi 3 × vidonge 3 ni vidonge 360. Mkiagiza kwa kufuata matumizi ya miezi ambayo SP iliisha, upungufu ule ule mnauagiza tena. Tazameni na vidonge vya foliki asidi mnavyowapa wajawazito: ya miligramu 5 kwa siku huipunguzia SP nguvu, ya 0.4 haina shida. Hapo dozi zinahesabika vizuri na kinga haipo.

Nje ya kliniki, kalenda ndiyo inayoamua. Dozi hupishana mwezi mzima au zaidi. Mama aliyeanza wiki ya 28 bado anazipata tatu: wiki ya 28, 32 na 36. Aliyeanza wiki ya 34 anaambulia mbili, hata mkimhudumia vizuri namna gani. Basi kazi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii iandikwe upya: kuwafikia wenye mimba changa, si kuwakumbusha waliokwisha kuchelewa.

Rekebisheni mshale mmoja kwa wakati, mwandike tarehe na sababu pembeni ya mchoro. Nani agawe maji na saa ngapi, badilisheni mpendavyo. Vidonge vitatu, kumeza mbele ya mhudumu na mwezi kati ya dozi havibadilishwi. Marekebisho ya maji yataonekana mwezi huo huo. Ya kuanza kliniki mapema yanataka miezi minne hivi, kwa hiyo kikao cha robo mwaka kisiyafute kwa kuona dozi ya tatu bado haijapanda.